Uamilifu, Mgogoro na Ishara: Yapi ya Kweli, Yapi ya Kukariri

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii, uuguzi au ualimu anapokutana na sosholojia kwa mara ya kwanza, aghalabu hupewa jedwali. Safu ya kwanza ni uamilifu, unaoeleza desturi kwa kazi inayoifanya katika jamii, chini yake jina la Durkheim. Safu ya pili ni mgogoro, chini yake Marx. Ya tatu ni mwingiliano wa ishara, chini yake Mead. Analikariri, analimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na miaka miwili baadaye hakumbuki lolote isipokuwa kwamba Durkheim alipenda amani na Marx alipenda vita. Hiyo ni hasara kubwa. Fikra zilizomo katika nadharia hizi zimewahi kutumika kuamua nani alipwe nini, nani aitwe mgonjwa, na ardhi ya nani ichukuliwe. Yafuatayo ni madai yanayosikika sana madarasani na mabarazani kuhusu nadharia hizo. Tuyapime.

"Nadharia ni tatu, na kila mwanasosholojia ana kambi yake"

Si kweli. Marx alifariki London mwaka 1883, Durkheim mwaka 1917, naye Max Weber, mwasisi mwingine wa sosholojia, mwaka 1920. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa yuko kambi ipi kati ya hizo tatu, kwa sababu kambi zenyewe hazikuwepo. Jina la mwingiliano wa ishara lilibuniwa na Herbert Blumer mwaka 1937, wakati George Herbert Mead alikuwa amekwisha kufariki tangu 1931. Hata kitabu maarufu kinachotajwa kuwa cha Mead, kilichotoka mwaka 1934, kilikusanywa na wengine kutokana na madaftari ya wanafunzi waliomsikiliza Chicago. Nayo nadharia ya mgogoro ilipata sura ya kundi linalojitegemea katika miaka ya 1950, wasomi walipochoshwa na Talcott Parsons wa Harvard, ambaye picha yake ya jamii iliyotulia na kujirekebisha yenyewe ilikuwa imetawala vyuo vya Marekani.

Mgawanyo wa tatu ulidumu vitabuni kwa sababu unafundishika kwa urahisi. Lakini jaribu kumpangia Weber safu yake. Aliandika juu ya tabaka, heshima na vyama kama njia tofauti za watu kupata nguvu juu ya wenzao, na hapo utamweka kwenye mgogoro. Kisha akasisitiza kwamba huwezi kueleza tendo la mtu bila kuelewa maana ambayo mwenyewe analipatia, na hapo anakuwa jirani wa Mead. Au mchukue Max Gluckman, mzaliwa wa Johannesburg aliyefundisha Manchester. Mwaka 1955 alichapisha kitabu kuhusu mila na migogoro barani Afrika, na hoja yake ilikuwa kwamba ugomvi wenyewe waweza kuishikanisha jamii. Ukoo mnaopigana nao kwa sababu ya ng'ombe ndio uliomwoa dada yako, na wapwa zako wanalala huko. Kwa hiyo kila vita ina watu ndani yake wanaotaka iishe. Mwaka uliofuata Lewis Coser alitoa Marekani kitabu kizima kuhusu kazi zinazofanywa na mgogoro katika jamii. Je, hao ni waamilifu au ni watu wa mgogoro? Jedwali halina jibu, na wao hawakulihitaji.

"Uamilifu husema kila kilichopo katika jamii ni kizuri"

Si kweli, ingawa baadhi ya waamilifu walijitakia lawama hiyo.

Durkheim mwenyewe, katika kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, alitenga sehemu ya mwisho kueleza jinsi jamii inavyoharibika. Aliandika juu ya anomia, hali ya watu kukosa kanuni za kuwaongoza. Aliandika pia juu ya mgawanyo wa kazi wa kulazimishwa, ambapo mtu hupata nafasi kwa sababu ya kuzaliwa kwake na mali ya wazazi wake, si kwa uwezo wake. Kwake yeye, maadamu wengine wanarithi utajiri na wengine wanarithi ufukara, mkataba kati yao hauwezi kuwa wa haki. Maneno hayo si ya mtu anayesifia kila kilichopo.

Robert Merton alikwenda mbali zaidi mwaka 1949. Alitenganisha kazi za wazi za taasisi na kazi zake zilizofichika, akaonyesha kwamba desturi moja inaweza kujenga upande mmoja na kubomoa upande mwingine, kisha akadai kila anayesema "desturi hii ina faida" aeleze: faida kwa nani? Ukilichukua swali hilo moja tu kutoka katika somo zima la uamilifu, umepata silaha ya maisha.

Waliojitakia lawama ni akina Kingsley Davis na Wilbert Moore. Mwaka 1945 walidai kwamba tofauti za kipato ni za lazima, kwa kuwa ndizo zinazowavuta wenye vipaji kwenye kazi muhimu. Melvin Tumin aliwajibu mwaka 1953. Umuhimu wa kazi mnaupimaje bila kuchungulia mshahara wake? Na vipaji vya watoto ambao hawakupelekwa shule mtavijuaje? Sijaona bado jibu lililosimama mbele ya maswali hayo, na anayetaka kutetea mishahara minono ya wakubwa kwa hoja ya Davis na Moore anapaswa kuanzia hapo.

Lakini kuna kisa ambacho majedwali hukisahau, nacho kinatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1930, Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Malinowski alikuwa mwanaanthropolojia, na uamilifu wake haukuwa sawasawa na wa Durkheim, ila walikubaliana kwamba desturi huelezwa kwa kuangalia inafanya nini katika jamii iliyo hai. Mwaka 1938 Kenyatta alichapisha *Facing Mount Kenya*, Malinowski akiandika utangulizi. Kitabu kinaonyesha ardhi, familia, rika, dini na malezi ya Wakikuyu vikiwa vimesukana, kiasi kwamba ukiwanyang'anya ardhi umewanyang'anya vyote. Wakati huo walowezi walikuwa wamekwisha kujitwalia sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kenya. Nadharia iliyosemwa kuwa ya watawala, na ya watu wasiotaka mabadiliko, iligeuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi ya ukoloni.

Kwa hoja ileile, Kenyatta alitetea pia ukeketaji wa wasichana, jambo lililozua mvutano mkali na wamishenari tangu 1929. Alieleza kwa ufasaha jinsi irua, sherehe ya tohara ya Wakikuyu, ilivyounganisha rika na kumwingiza kijana katika utu uzima. Hakuuliza ilimfanyia nini msichana mwenyewe. Hapo ndipo swali la Merton lilipohitajika, na hapo ndipo udhaifu wa kweli wa uamilifu ulipo: hauko katika kupenda amani, uko katika wepesi wa kuhesabu faida ya kundi na kusahau gharama ya mtu. Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011.

"Nadharia ya mgogoro ni Umarx kwa jina lingine"

Si kweli. Marx mwenyewe, katika barua ya mwaka 1852 kwa Joseph Weydemeyer, alikana kwamba ndiye aliyegundua kuwepo kwa matabaka au mapambano kati yake. Aliwapa sifa hiyo wanahistoria na wachumi waliomtangulia. Ralf Dahrendorf, mwaka 1959, alihamisha chanzo cha mgogoro kutoka kwenye mali hadi kwenye mamlaka: palipo na anayeamuru na anayetii, maslahi yao yatagongana, hata kama kiwanda ni cha umma. Naye W. E. B. Du Bois alikuwa ameonyesha tangu 1899, katika utafiti wake wa Philadelphia, kwamba mstari wa rangi una nguvu ambayo huwezi kuieleza kwa umaskini peke yake.

Hoja hiyo ya mamlaka ina historia nzito Tanzania. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika kijitabu cha Ujamaa akisema jamii ya jadi ya Kiafrika haikuwa na matabaka, na kwamba ujamaa wetu hauna haja ya kuanzia kwenye uadui kati ya mtu na mtu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mabenki na makampuni makubwa yakawa ya umma. Ndipo kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Issa Shivji, akauliza swali lisilopendeza: sasa nani anayaendesha, na kwa faida ya nani? Maandishi yake juu ya mapambano ya kimyakimya ya matabaka yalitoka mwaka 1970 katika toleo maalumu la *Cheche*, jarida la wanafunzi wa chuo hicho. Jarida lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Mwaka 1976 alilipanua wazo hilo kuwa kitabu, akisema warasimu wanaosimamia mali ya umma walikuwa wamegeuka kuwa tabaka lenye maslahi yake.

Nyerere alikuwa mtu mwadilifu na aliyoyasema kuhusu kushirikiana kwa wanakijiji yalikuwa na ukweli wake. Ila kwa swali la nani alinufaika na mashirika ya umma, Shivji alikuwa na chombo kilichofaa zaidi kazi ile, na kufungiwa kwa jarida hakukumfanya awe amekosea.

"Mwingiliano wa ishara unahusu mambo madogo ya ana kwa ana"

Kweli nusu. Ni kweli kwamba nadharia hii huanzia pale watu wawili wanapoonana. Huuliza kwa nini mwanamke anayepewa shikamoo na mtu wa umri wake hurudi nyumbani na kujitazama kwenye kioo. Lakini kuanzia padogo hakuifanyi kuwa ndogo.

Erving Goffman alikaa katika miaka ya 1950 ndani ya hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili mjini Washington, akitazama jinsi mtu anavyonyang'anywa nguo zake, jina lake na ratiba yake hadi anabaki kuwa mgonjwa tu. Kitabu alichokiandika mwaka 1961 kilikuwa miongoni mwa maandishi yaliyochochea upinzani dhidi ya kuwafungia watu katika taasisi hizo. Miaka miwili baadaye alitoa kingine, kuhusu alama ya aibu ambayo jamii humbandika mtu. Mwaka huohuo, 1963, Howard Becker alionyesha kwamba ukosaji haumo ndani ya tendo peke yake. Unatokana pia na wale wenye uwezo wa kutunga kanuni na kumbandika mwenzao jina.

UKIMWI ulipoingia nchini kwetu, maandishi ya Goffman yakawa msingi wa utafiti wa kile tunachokiita unyanyapaa. Watu waliogopa kupima zaidi kwa sababu ya macho ya majirani kuliko kwa sababu ya sindano. Wauguzi na washauri nasaha walijifunza kwamba kikombe kilichotengwa na salamu iliyopoa vinaweza kumfanya mtu aache matibabu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Kutoka kikombe hadi sheria ya Bunge: nani bado atasema ni mambo madogo?

Na hapa ndipo nusu ya kweli ya dai inapopata haki yake: nadharia hii ina mipaka. Tiba ya mchanganyiko wa dawa za kupunguza makali ya virusi ilikuwepo katika nchi tajiri tangu 1996. Gharama yake ilizidi dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Kihindi ya Cipla ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa zenye kazi ileile kwa dola 350 kwa mwaka. Miaka mitano hiyo ilijaa mazishi Bukoba, Kampala na Kisumu, na unyanyapaa hauielezi. Kinachoieleza ni hataza za dawa, bei na mabavu ya makampuni, yaani maswali ya mgogoro. Anayeitumia nadharia ya ishara kueleza kwa nini dawa hazikufika anamlaumu mgonjwa kwa kosa la soko.

"Nadharia ni kama miwani: vaa yoyote, zote ni sahihi"

Si kweli, na hili ndilo dai linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu husemwa na walimu wenye nia njema. Likikubaliwa, sosholojia inakuwa mkusanyiko wa maoni, na mwanafunzi hana sababu ya kwenda kutazama chochote.

Tazama kilichotokea kwa kitabu mashuhuri cha Durkheim cha 1897 kuhusu kujiua. Alikusanya takwimu za nchi za Ulaya, akaona viwango vinabaki karibu vilevile mwaka hadi mwaka katika kila nchi. Akaona pia Waprotestanti wana viwango vya juu kuliko Wakatoliki, na wasiooa kuliko waliooa. Akahitimisha kwamba kundi linalowashika watu wake kwa karibu huwakinga.

Mwaka 1967 Jack Douglas, aliyesimama upande wa wale wanaochunguza maana, aliuliza: takwimu hizo zimeandikwa na nani? Kifo hakijiandiki chenyewe. Kuna ndugu wanaoeleza kilichotokea na kuna ofisa anayeamua aandike nini. Familia iliyoshikamana, katika dini inayoona aibu kubwa katika kifo cha namna hiyo, ina sababu zaidi ya kuficha, na ina watu wa kuisaidia kuficha. Basi mshikamano ambao Durkheim aliuona ukipunguza vifo huenda ulikuwa ukipunguza maandishi tu. Mtu wa pwani au wa bara kwetu anaelewa mara moja, hasa katika nchi ambazo sheria za kikoloni zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai.

Hapo Durkheim na Douglas hawakuvaa miwani tofauti na kuridhika. Walitabiri mambo tofauti, na wengine wakaenda kuyachunguza. J. Maxwell Atkinson alifuatilia Uingereza jinsi maofisa wanaochunguza vifo wanavyofikia uamuzi wao, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1978. Nadharia inayofaa hukuambia uende ukatazame nini, na ukikuta kinyume inakubali imeshindwa.

"Nadharia hizi zilimsahau mwanamke"

Kweli, kwa sehemu kubwa. Harriet Martineau aliandika kitabu cha namna ya kuchunguza jamii mwaka 1838, na mwaka 1853 alimfikisha mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte kwa wasomaji wa Kiingereza kwa kumtafsiri na kumfupisha. Comte hutajwa aghalabu, Martineau mara chache. Parsons, mwaka 1955, alieleza familia ambayo baba huleta riziki na mama hutuliza mioyo, kana kwamba ndivyo jamii ya kisasa ilivyopaswa kuwa. Ester Boserup alichapisha mwaka 1970 kitabu kilichoonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilimo cha chakula Afrika kusini ya Sahara ilikuwa mikononi mwa wanawake. Na miongoni mwa Wakurya wa Mara, nyumba ntobhu humruhusu mwanamke kuoa mwanamke ili apate watoto wa kuendeleza nyumba yake. Familia ya Parsons haina mahali pa kumweka bibi huyo.

"Ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu"

Si kweli. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alieleza mwaka 1377 jinsi mshikamano wa ukoo unavyoinua dola na anasa inavyouangusha, karne nne na zaidi kabla ya Comte. Archie Mafeje wa Afrika Kusini, aliyeongoza idara ya sosholojia Dar es Salaam, aliwaambia wasomi mwaka 1971 kwamba ukabila waliouona kila mahali ulikuwa itikadi iliyoletwa na ukoloni na kukuzwa na waliofaidika nao.

Zaidi ya hapo, tunacho kisa cha kwetu kinachozijaribu nadharia zote kwa pamoja: ngoma ya beni. Ilichipuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na tarumbeta zake, sare, magwaride na vyeo vya kifalme na kijeshi. Tanganyika ikawa na vikundi viwili vya beni, Marini na Arinoti, vikishindana mji kwa mji. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliisambaza hadi Malawi na Zambia. Maofisa wa Kiingereza walishuku kwamba ilificha njama za kisiasa. Wengine waliiona kuwa kuiga tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, aliyakataa maelezo yote mawili: chini ya sare mpya palikuwa na mashindano ya kale ya mitaa ya pwani kama yale ya Lamu.

Mwamilifu ataona kusaidiana na kuzikana kwa wageni wa mjini, na atakuwa sahihi. Mtu wa mgogoro ataona Marini wakiwa na wasomi na wenye hadhi, Arinoti wakiwa na watu wa chini, na atakuwa sahihi pia. Mtu wa ishara atauliza mavazi yale yalimaanisha nini kwa walioyavaa, na jibu linahitaji ushahidi. J. Clyde Mitchell alipoichunguza kalela, ngoma jamaa ya beni, kwenye machimbo ya shaba ya Luanshya, katika Zambia ya leo, alikuta vijana Wabisa waliovaa nadhifu wakisifu kabila lao na kutania mengine mjini humohumo. Katika kitabu chake cha 1956 alieleza kwamba nguo zile zilidai hadhi, wala hazikuwa kejeli kwa Wazungu, na kwamba kabila mjini lilikuwa njia ya kuwapanga watu usiowajua. Aliyedhani kila vazi la kigeni ni upinzani dhidi ya mkoloni alikuwa amekosea, na ushahidi ulimwonyesha.

Kwa hiyo ninyi walimu mnaotunga mitihani, acheni kuuliza "taja na ulinganishe nadharia tatu". Wapeni wanafunzi beni, au foleni ya dawa kwenye zahanati, au mgogoro wa wakulima na wafugaji wa wilaya yao. Waulizeni ni nadharia ipi inaeleza zaidi, na ni ushahidi gani ungewafanya wabadili mawazo.